Fundi Anajibu: Shokapu za Nyuma Unapompakia Abiria

Barua tatu zilizonifikia mwezi huu, zote kutoka Dar es Salaam, zinauliza jambo moja kutoka pande tatu: mume anayempakia mkewe kwenda kazini, dereva wa bodaboda anayepakia watu wa kila uzito kutwa nzima, na abiria mwenyewe anayekaa nyuma. Nimeona ukurasa wote uwe wa shokapu za nyuma, kwa sababu hiki ni kifaa ambacho wengi wetu hatukigusi mpaka kianze kuvuja oili, ilhali ndicho kinachobeba karibu uzito wote wa mtu tunayempakia.

Swali la kwanza

Fundi, shikamoo. Ninaishi Chanika na nina pikipiki ya cc 150 yenye shokapu mbili za nyuma. Kwa miaka miwili niliiendesha peke yangu bila shida. Tangu mke wangu apate kazi Buguruni ninampakia kila siku asubuhi na jioni, na mambo yamebadilika. Kwenye matuta ya Pugu na Gongo la Mboto shokapu zinagonga chuma kwa chuma, usukani unakuwa mwepesi kana kwamba tairi la mbele halikanyagi vizuri, na usiku madereva wanaokuja mbele yangu wananiwashia taa kali ingawa yangu nimeishusha. Mke wangu analalamika mgongo. Fundi wa mtaani alikaza shokapu zote mbili mpaka namba ya mwisho. Kugonga kulipungua, lakini nikishamshusha na kurudi peke yangu pikipiki inarukaruka kwenye rasta, yaani vile vijituta vya mistari barabarani, na nikishika breki tairi la nyuma linateleza. Je, namba sahihi ni ipi? — Msomaji, Chanika

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Umeandika kama mtu anayekisikiliza chombo chake, na dalili ulizozitaja zimenirahisishia kazi, kwa kuwa kugonga, wepesi wa usukani na taa inayowapiga wenzako machoni vyote vinatokana na jambo moja: mkia wa pikipiki unakaa chini mno mnapokuwa wawili. Namba sahihi nitakuonyesha jinsi ya kuipata wewe mwenyewe kwa futi ya kupimia, kwa sababu inategemea uzito wako, uzito wa mkeo na umri wa springi zako, na mtu yeyote anayekutajia namba bila kupima anakisia.

Kwanza tuone uzito unakwenda wapi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, pikipiki za aina yako zina urefu wa takriban sentimita 130, na abiria hukaa karibu sentimita 20 tu mbele ya ekseli ya nyuma. Ukigawanya 20 kwa 130 utaona kwamba sehemu ndogo tu ya uzito wake, kama asilimia 15, ndiyo inayofika kwenye tairi la mbele, na asilimia 85 iliyobaki inalaliwa na tairi la nyuma. Kwa hiyo mtu wa kilo 60 anaongeza nyuma kilo 51 hivi na mbele kilo 9. Wewe unayeendesha unakaa katikati zaidi, kwa hiyo uzito wako unagawanyika kwa usawa mkubwa kidogo. Ndiyo maana pikipiki iliyokuwa ikikutii vizuri ulipokuwa peke yako inabadilika tabia mara abiria anapopanda, hata kama abiria huyo ni mwepesi kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye namba. Chini ya springi ya kila shokapu kuna ringi yenye vidato, mara nyingi vitano, na ukiizungusha kutoka kidato cha kwanza kwenda cha tano unaisukuma springi na kuibana kabla haijabeba mtu yeyote. Watu wengi, na mafundi wakiwamo, husema kwamba hapo springi imekuwa ngumu. Naomba tulielewe jambo hili vizuri, kwa kuwa makosa mengi yanaanzia hapa. Springi haibadiliki ugumu kwa kubanwa: kama ilikuwa ikihitaji kilo 27 kushuka sentimita moja, bado itahitaji kilo 27 zile zile kwa kila sentimita utakayoishusha. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia kazi. Ukikaza vidato unauinua mkia wa pikipiki ili, baada ya abiria kukaa, ubaki na nafasi ya kutosha ya kushuka tairi linapokutana na tuta. Usipokaza, uzito wa abiria peke yake unamaliza sehemu kubwa ya mwendo wa shokapu, yaani umbali inaoweza kushuka, na tuta likija linakuta nafasi imekwisha. Hiyo ndiyo sauti ya chuma kwa chuma unayoisikia, na mgongo wa mkeo ndio unaopokea pigo ambalo springi ilipaswa kulipokea.

Upimaji wenyewe unahitaji futi, kalamu, karatasi na mtu mmoja wa kuwasaidia. Isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa ili tairi la nyuma lining'inie bila kugusa chini, kisha pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu moja kwa moja mpaka alama utakayoichagua kwenye mwili wa pikipiki, kwa mfano boliti iliyo chini ya kiti, na uandike kipimo hicho. Halafu ishushe, panda ukiwa na nguo na kofia unazovaa barabarani, kaa unavyokaa siku zote, na msaidizi apime tena mahali pale pale. Mwisho mkeo apande na begi lake la kazini, nanyi mpimwe mkiwa wawili. Kila mara, kabla ya kupima, msaidizi aubonyeze mkia na kuuachia taratibu, apime, kisha auinue kidogo na kuuachia taratibu, apime tena, na achukue wastani wa vipimo hivyo viwili, kwa sababu bushi na sili za shokapu zina msuguano unaoweza kukudanganya kwa milimita kadhaa.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na hivyo vingine nitaiita mshuko. Mkao mzuri kwa dereva peke yake ni mshuko usiozidi sana theluthi moja ya mwendo wote wa tairi, tuseme asilimia 25 hadi 35. Mkiwa wawili unaweza kuruhusu ufike karibu asilimia 40. Tuchukue mfano wa pikipiki ambayo tairi lake la nyuma lina mwendo wa sentimita 11 kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa, na ambayo imewekwa kidato cha pili. Ikining'inia inapimika sentimita 54, dereva akipanda 51, na abiria akiongezeka 49. Mshuko wa dereva peke yake ni sentimita 3, ambao ni mzuri. Mshuko wa wawili ni sentimita 5, karibu asilimia 45 ya mwendo wote, na hapo ndipo tuta la kawaida linapoanza kugongesha. Ukiongeza vidato viwili, kila kimoja kikiinua kama milimita 4, kipimo cha wawili kitapanda hadi 49.8 na mshuko utakuwa sentimita 4.2. Hapo umepata nafasi yako, nawe umeishia kidato cha nne bila kufika cha mwisho.

Rudi sasa kwenye tatizo lako la pili, la kurukaruka unaporudi peke yako, maana watu wengi hulichukulia kama usumbufu mdogo wakati kwa maoni yangu ni la hatari zaidi kuliko kugonga. Katika mfano ule ule, dereva akibaki peke yake kwenye kidato cha nne mshuko wake unakuwa sentimita 2.2 tu, na kwenye cha tano unakuwa mdogo zaidi. Shokapu haifanyi kazi ya kupanda peke yake, bali pia inapaswa kushuka ili tairi lifuate shimo na kubaki limeukanyaga udongo. Mshuko ukiwa mdogo, tairi halina mahali pa kushukia. Linapofika kwenye bonde dogo lililo kati ya mstari mmoja wa rasta na mwingine linaning'inia hewani kwa muda mfupi, na ukishika breki wakati huo linasimama kabla halijakanyaga, kisha linatua likiwa limefungwa na kuteleza. Kwa hiyo namba ya mwisho ilipunguza kosa moja na kuzaa jingine. Ukimshusha mkeo Buguruni, tumia dakika mbili kurudisha vidato viwili kabla ya kuondoka, na jioni uviongeze tena kabla hajapanda.

Kuzungusha ringi kuna utaratibu wake. Tumia spana yenye umbo la ndoano, ambayo huja kwenye mfuko wa vifaa wa pikipiki mpya na hupatikana pia kwenye maduka ya vipuri Kariakoo. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, osha tope lililoganda kwenye ringi, paka mafuta kidogo, kisha panda kidato kimoja baada ya kingine bila kuruka kutoka cha kwanza hadi cha tano au kurudi kwa mruko huo huo, kwa sababu ringi ikiruka inaweza kuharibu vidato vyake. Nimeona gerejini ringi nyingi zilizopigwa kwa tindo na nyundo mpaka meno yake yakalika. Ringi ya namna hiyo haiwezi tena kushika mahali, na huwa inabidi kununua shokapu nzima. Jambo lisilosameheka ni kuweka kushoto kidato cha tatu na kulia cha nne. Shokapu mbili zenye nguvu tofauti huipinda swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, zinakula bushi zake upande mmoja, na pikipiki inaanza kuvuta pembeni.

Baada ya vidato kuna mambo matatu yanayoambatana navyo. Upepo wa tairi la nyuma huongezwa unapopakia: kwa pikipiki nyingi za cc 125 na 150 tairi la nyuma huwekwa PSI 28 ukiwa peke yako na PSI 32 mkiwa wawili, likipimwa asubuhi kabla halijapata joto, lakini fuata kibandiko kilichopo kwenye pikipiki yako au kitabu chake kama vinasema tofauti. Tairi lenye upepo mdogo hutikisika chini ya uzito, na dereva huilaumu shokapu isiyo na kosa. Pili ni cheni. Swingamu inapopanda kwa uzito wa abiria na kukaribia kunyooka na spoketi ya mbele, cheni hukazika. Cheni uliyoirekebisha pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi inaweza kuwa imevutika kama waya mnapokuwa wawili, na hapo inakula spoketi na beringi. Mwombe msaidizi aibonyeze katikati mkiwa mmekaa nyote wawili, ahakikishe bado ina mchezo, kisha mkishashuka apime tena na kulinganisha na kipimo cha kitabu, ambacho kwa pikipiki za namna hii huwa karibu sentimita 2 hadi 3.

La tatu ni taa. Mkia ukishuka sentimita 2 zaidi kwenye chombo chenye urefu wa sentimita 130, mwanga wa taa ya mbele unapanda kama sentimita 38 ukifika umbali wa mita 25. Hizo zinatosha kuuhamisha kutoka kwenye boneti la gari linalokuja hadi machoni mwa dereva wake, na ndiyo sababu wanakuwashia. Vidato vikirekebishwa sehemu kubwa ya tatizo hilo itaondoka yenyewe. Kwa sehemu iliyobaki, legeza boliti za taa, iinamishe kidogo mkiwa wawili mbele ya ukuta, kisha uzikaze.

Ikiwa baada ya haya yote mshuko bado unazidi nusu ya mwendo hata kwenye kidato cha mwisho, springi zako zimechoka au hazikukusudiwa uzito mlionao. Na ikiwa mshuko ni mzuri lakini pikipiki inaendelea kudunda baada ya kila tuta, tatizo liko ndani ya shokapu, kwenye oili inayopita katika matundu madogo na kuituliza springi. Ubonyeze mkia kwa nguvu na kuuachia ghafla: unapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ukipanda na kushuka mara mbili au tatu, au ukiona oili imelowesha fimbo inayong'aa, badilisha shokapu zote mbili kwa pamoja, kwa maana mpya moja na kuukuu moja zitarudisha tofauti ile ya kushoto na kulia niliyoikataza.

Swali la pili

Fundi, mimi ni bodaboda wa kijiwe kimoja Kimara Mwisho, na safari zangu nyingi ni za Bonyokwa na Goba, ambako kuna vilima na njia za vumbi zenye makorongo. Kwa siku ninaweza kupakia mtoto wa shule, mama mwenye ndoo mbili, na baba wa kilo 100. Siwezi kusimama na kuzungusha vidato kila ninapopata abiria. Wenzangu wameweka vipande vya mpira katikati ya springi, na wengine wamefunga springi ya pili iliyotolewa kwenye pikipiki ya matairi matatu. Wanasema pikipiki zao hazigongi tena. Je, nifuate? — Dereva, Kimara

Jibu

Ndugu yangu, nakuelewa kabisa kwamba muda wa kijiweni ni pesa, na sikushauri uzungushe ringi kwa kila abiria. Kazi yako inatofautiana na ya msomaji wa Chanika kwa sababu kwako abiria ndiye hali ya kawaida na kutokuwa naye ndiyo nadra. Kwa hiyo chagua mzigo unaoubeba mara nyingi, tuseme abiria wa kilo 60 hadi 70, mpimwe wewe na mwenzako mmoja wa uzito huo kwa njia niliyoieleza hapo juu, uweke vidato vinavyokupa mshuko wa asilimia 35 hadi 40, na uviache hapo kutwa nzima. Pikipiki nyingi huishia kidato cha tatu au cha nne. Utakapokuwa ukirudi bila abiria itakuwa ngumu kidogo, nawe utapunguza mwendo kwenye makorongo. Upepo pia uuache kwenye kiwango cha watu wawili siku nzima.

Kuhusu vipande vya mpira, jibu langu ni hapana, nami naomba nieleze sababu ili usidhani ninakataa tu kwa kuwa sikuvizoea. Springi inafanya kazi kwa mizunguko yake yote kugawana kazi ya kujikunja. Ukitia mpira kati ya mizunguko miwili umeizuia hiyo isifanye kazi, na ile iliyobaki inabeba yote. Springi inakuwa ngumu kweli, na kugonga kunapungua kweli, kama walivyosema wenzako, lakini sasa mwendo wake ni mfupi, pigo linafika kwenye fremu na kwenye mgongo wa abiria, na chuma cha mizunguko iliyobaki kinachoka kwa kasi mpaka springi ikatike. Springi ya nyuma ikikatika kwenye mteremko wa Bonyokwa ukiwa na mtu nyuma, mkia unashuka kwa ghafla.

Springi ya pili iliyotolewa kwenye chombo kizito ina kasoro nyingine. Oili iliyo ndani ya shokapu yako ilipangiwa kuituliza springi ya asili. Ukifunga springi yenye nguvu kubwa mno, inapobanwa na tuta inajikusanyia nguvu ambazo oili haiwezi kuzizuia wakati wa kurudi, na matokeo yake inamrusha abiria juu kutoka kwenye kiti. Kama mzigo wako wa kila siku umezizidi shokapu ulizonazo, nunua jozi nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya mizigo ya pikipiki ya aina yako, yenye urefu ule ule wa tundu la juu hadi la chini. Zikiwa ndefu zaidi zitakuinulia mkia kupita kiasi na kuifanya cheni ikwaruze swingamu. Zikiwa fupi zitakuletea tairi kwenye madigadi.

Kabla ya kununua chochote, lakini, fanya hesabu ya uzito. Pikipiki nyingi za daraja hili zimeruhusiwa na watengenezaji wake kubeba kati ya kilo 130 na 150 kwa jumla, na jumla hiyo inamhesabu dereva, abiria na mzigo. Wewe ukiwa na kilo 70 na abiria wako 65, umeshafika 135. Yule baba wa kilo 100 anaufikisha mzigo 170, na kwake hakuna kidato kitakachokuokoa isipokuwa mwendo wa pole, kukwepa makorongo na kuanza kushika breki mapema. Na mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ndio unaoua shokapu kuliko njia zote za vumbi za Goba. Abiria wa pili anakaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito wake wote unaangukia nyuma na kwa kuongezea unaunyanyua upande wa mbele kama mtu anayekalia ncha ya ubao ulioegemezwa juu ya gogo. Hapo unapanda kilima cha Bonyokwa ukiwa na tairi la mbele lisilogusa vizuri, nalo ndilo lenye breki kubwa na ndilo linalokata kona. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na hesabu hii inatosha kuonyesha sababu.

Ndoo za mama yule zinahitaji neno moja. Zikining'inizwa nyuma ya kiti zinafanya kazi ile ile ya abiria wa pili. Ziweke kati yako na yeye kama zinaenea, au mbele yako ikiwa hazizuii usukani wala miguu.

Kwa kuwa unakwenda kwenye vumbi kila siku, kila mwisho wa wiki osha fimbo za shokapu kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mchanga mwekundu ukiganda juu yake hukwangua sili kila shokapu inapojikunja, na sili ikishakwaruzika oili haikai. Shika pia tairi la nyuma kwa mikono miwili ulitikise kushoto na kulia pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Likicheza, bushi za swingamu au beringi zimekwisha, na hakuna marekebisho ya vidato yatakayoiweka pikipiki sawa mpaka zibadilishwe. Kaza na nati za juu na za chini za shokapu zenyewe, ambazo mtikisiko hulegeza polepole bila dereva kusikia.

Umetaja pia njia zenye makorongo. Kama baada ya dakika 20 za makorongo unahisi pikipiki imeanza kudunda zaidi kuliko ilivyokuwa ulipoanza, iguse shokapu kwa mkono kwa tahadhari: oili iliyopata moto mwingi huwa nyepesi na hupoteza nguvu ya kutuliza. Ipe muda ipoe kwenye kivuli kabla ya abiria anayefuata. Na kama shokapu zako ni zile zenye kichupa cha gesi pembeni, usimruhusu mtu yeyote azifungue, azitoboe au azichomelee, kwa kuwa gesi ile imejazwa kwa mgandamizo mkubwa na inaweza kumrukia usoni.

Swali la tatu

Shikamoo fundi. Mimi si dereva, ni abiria tu. Ninaishi Kibada, Kigamboni, na kila siku ninapanda bodaboda hadi Feri kuvuka kwenda mjini. Pikipiki nyingine ni laini, nyingine kila tuta linanirusha. Nitajuaje kabla ya kupanda? Na je, namna ninavyokaa inahusika? — Dada msomaji, Kigamboni

Jibu

Marahaba, dada yangu, na nimefurahi kwamba abiria naye ameuliza, kwa maana yeye ndiye anayekaa juu ya shokapu hizi kuliko dereva.

Kabla ya kupanda, tazama fimbo inayong'aa kati ya springi. Ikiwa imelowa oili yenye vumbi lililoganda, shokapu hiyo imekwisha. Kisha weka kiganja kwenye mwisho wa kiti na ubonyeze kwa uzito wako: ikishuka na kurudi mara moja ikatulia, ni nzima, ikidunda kama godoro la zamani, itakurusha, isiposhuka kabisa, imekazwa kupita kiasi au imejazwa vipande vya mpira. Mkishakaa nyote wawili, sikiliza tuta la kwanza. Mlio wa chuma maana yake mkia umefika chini, nawe una haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo kwenye mengine yote yaliyobaki mpaka Feri.

Namna ya kukaa inahusika sana. Sogea karibu na dereva kadiri adabu inavyoruhusu, kwa sababu kila sentimita unayosogea mbele inapunguza uzito wa nyuma na kuurudisha kwenye tairi la mbele. Weka nyayo zote mbili kwenye sehemu za kukanyagia, na mkikaribia tuta zikanyage na ujinyanyue kidogo magoti yakiwa yamekunjwa, ili miguu ipokee sehemu ya pigo kabla halijafika mgongoni. Ukikaa upande kwa ajili ya dera au gauni refu, mguu mmoja tu ndio wenye mahali pa kukanyagia, huwezi kujinyanyua, na uzito wako unaegemea upande mmoja. Dereva analazimika kuinamisha pikipiki kidogo upande wa pili njia nzima ili isimvute. Kina mama wengi ninaowafahamu huvaa suruali nyepesi chini ya dera kwa ajili ya safari, wakakaa miguu huku na huku, na vazi wakalikunja chini ya mapaja mbali na cheni.

Ukimpata kijana mwenye pikipiki ambayo umeipima hivyo ukaridhika nayo, chukua namba yake ya simu, umwambie na uzito wako. Akishaujua ataweza kupanga vidato vyake asubuhi kabla hajaja kukuchukua.